Daraja E kwa Nira ya Ng'ombe: Wasifu wa Marehemu Evaristi Vitus Katepa (1963–2025)

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu Waislamu mliotoka mjini pamoja na Mzee Azizi, asalaam aleikum. Wazee wetu, shikamooni. Madereva mlioegesha pale juu barabarani, karibuni sana, ingawa nimeona baadhi yenu mmeegesha ovyo, na marehemu asingenyamaza.

Kamati ya mazishi iliniomba mambo mawili: niandike kwa kifupi, na nisitaje habari ya nira. Kuhusu kifupi, nimejaribu. Habari ya nira siwezi kuiacha, kwa sababu bila nira marehemu asingepata daraja E la leseni, na bila daraja E huu ungekuwa wasifu wa mtu mwingine. Mimi ni Bertilla, mdogo wake anayemfuata, mwalimu mstaafu. Nimemjua Evaristi maisha yangu yote. Anayetaka kunisahihisha asubiri wakati wa chakula.

Evaristi alizaliwa hapa hapa Kasense tarehe 14 Septemba 1963, mtoto wa nne wa Mzee Vitus Katepa na Mama Sesilia, ambao wote wametangulia mbele za haki. Mama alitusimulia mara nyingi kwamba mtoto huyu alitanguliza miguu, na mkunga alihangaika naye asubuhi nzima mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Baadaye, Evaristi alipokuwa mtu mzima mwenye sifa aliyokuwa nayo mjini, Mama alikuwa akisema hiyo ndiyo rivasi pekee aliyowahi kuipiga vizuri. Mtaelewa baada ya muda mfupi.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1971 hadi 1977. Jiografia aliipenda, hesabu zilimpita kando, na mwandiko wake ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mchana kutwa alitengeneza malori ya mabua ya mahindi, akifunga moja nyuma ya jingine kwa kamba. Yakienda mbele yalikwenda vizuri. Akiyasukuma kurudi nyuma yalijikunja, moja likapanda juu ya lingine, naye akayapiga teke na kuanza upya. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, wala sikumwona akihuzunika. Siku matokeo yalipotangazwa, yeye alikuwa barabarani akiangalia watu wakibadilisha tairi la lori.

Mwaka 1980 aliajiriwa kuwa utingo kwenye lori lililoshuka bondeni kwenda Ziwa Rukwa. Waliowahi kuuteremka mteremko ule zamani wanajua kazi ya utingo ilikuwa nini: kuruka chini gari likiwa bado linatembea na kutupa gogo chini ya tairi la nyuma, huku ukimwomba Mungu gogo likae. Aliruka miaka sita. Mwaka 1986 alipata leseni ya udereva, akashika usukani, na kwa muda mfupi akawa dereva kama madereva wengine, anayekwenda mbele na anayerudi nyuma.

Halafu ikaja Namanyere. Mwezi Julai 1989 alipeleka mzigo sokoni kule, na wakati wa kuondoka akarudi nyuma bila kuangalia vizuri, akapanda juu ya baiskeli ya Mzee Isdori. Baiskeli ilikuwa mpya. Mzee Isdori alikuwa ametoka kununua chumvi, akabaki ameshika kifuko cha chumvi mkononi, akitazama baiskeli iliyolala chini imekunjika kama miwani. Evaristi alishuka akapiga magoti hapo hapo sokoni. Aliyemjibu ni binti wa Mzee, Kristiana, na majibu yake siwezi kuyasoma mbele ya Baba Paroko.

Evaristi alirudi Namanyere kuitengeneza ile baiskeli. Alirudi tena kuona kama imetengenezeka. Akarudi mara nyingine kuuliza kama breki zinashika, wakati breki hazikuwa na tatizo tangu mwanzo. Walifunga ndoa takatifu tarehe 3 Novemba 1990. Mzee Isdori alimtoa binti yake kwa sharti moja alilolitamka mbele ya washenga wote: "Mke utamchukua. Ila siku ya kuja kumchukua, gari liache barabarani."

Maneno yale yalimwingia. Tangu siku hiyo Evaristi hakurudi nyuma tena. Simaanishi kwamba alipunguza, aliacha kabisa. Alipanga safari zake zote kwa namna ambayo gari lingeingia upande mmoja na kutokea upande mwingine. Mahali pasipo na njia ya kutokea hakuingia, alisimama barabarani watu wakabeba mzigo kichwani. Akiwa anarudi nyumbani jioni, na gari limeelekea upande usiofaa, aliupita mlango wake mwenyewe huku mkewe amesimama uani.

"Baba Victoria, umepita nyumbani!" wifi yangu alikuwa akimwita.

"Najua, Mama Victoria. Nakuja!" Na kweli alikuja, ila baada ya kuzunguka mtaa mzima, ugali umeshapoa.

Mwaka 1994 aliajiriwa na Mzee Azizi, huyu hapa, mfanyabiashara wa mjini Sumbawanga mwenye duka na magari ya mizigo. Alimpa Canter. Mzee Azizi aligundua ugonjwa wa dereva wake katika wiki ya kwanza, na kwa kuwa alimpenda kwa uaminifu wake, hakumfukuza. Alimwita fundi akatoboa ukuta wa nyuma wa yadi, akaweka geti la pili. Evaristi akawa anaingia geti la mbele, anashusha mzigo, anatokea geti la nyuma. Miaka kumi na minane yadi ile ilikuwa na mageti mawili kwa ajili ya mtu mmoja. Wageni walidhani ni utajiri.

Sasa nafika kwenye daraja E. Mtani wetu Mboje, nakuona unanyanyuka. Kaa chini, sijafika kwako.

Mwishoni mwa mwaka 2012 Mzee Azizi alinunua trela la kupeleka mahindi Mbeya na Tunduma. Alimwita Evaristi yadini. Nilisimuliwa mazungumzo yao mara nyingi na pande zote mbili, na kwa bahati nzuri hayapishani.

"Canter nauza," Mzee Azizi alisema. "Trela linataka dereva mwenye daraja E. Wewe una D."

"Ndiyo, tajiri."

"Mavuno yakianza nalipeleka barabarani. Ukiwa na E, wewe. Ukiwa huna, nitaleta dereva kutoka Tunduma."

"Nikiipata, tajiri, utanipa kweli?"

Mzee Azizi akakuna ndevu. "Nitaona."

Waliofanya kazi na Mzee Azizi wanajua kwamba "nitaona" yake si ahadi wala si kukataa. Evaristi alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, watoto watatu, na kazi moja tu aliyoijua. Aliogopa. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuficha: alikuja kwangu, akakaa jikoni, akasema, "Bertilla, nikilikosa hili daraja, mimi ni mzee wa kijiwe kuanzia Juni." Kaka yangu alikuwa mtu wa kucheka, na siku hiyo hakucheka hata nilipommwagia chai.

Alikwenda chuo cha udereva Mbeya kwa mafunzo ya magari makubwa. Nadharia nilimfundisha mimi mwenyewe kwa kumshikia alama za barabarani nilizochora kwenye maboksi ya sabuni, na alipokosea nilimsimamisha kama nilivyowasimamisha watoto wengine. Akafaulu vizuri. Alipoendesha trela kwenda mbele, wakufunzi walimsifu mbele ya vijana. Kilichobaki ni mtihani wa vitendo hapa kwetu, mbele ya trafiki: kuliingiza trela kwa kurudi nyuma katikati ya mapipa yaliyopangwa mistari miwili.

Mara ya kwanza aliliendesha trela hadi mbele ya mapipa, akasimama, akafungua dirisha.

"Afande, samahani. Naomba nizunguke."

"Uzunguke wapi?"

"Nitapita Malangali, nitokee kule, nije nikiwa nimeelekea huku. Nitaingia kwa mbele, salama kabisa."

Afande akamwandikia kwamba ameshindwa.

Mara ya pili alijitahidi kurudi nyuma. Aliyalaza mapipa yote ya mtihani, kisha akalaza na pipa moja ambalo halikuwa la mtihani, lilikuwa la mama muuza togwa aliyejikalia zake pembeni. Evaristi alishuka akapiga magoti, kwa mazoea. Yule mama, sifa zimwendee popote alipo, alimwambia, "Baba, inuka, hiyo ilikuwa ya jana, ilishachacha."

Ikabaki nafasi moja kabla ya mavuno ya mahindi. Katika hali hiyo Mzee Azizi alimtuma Milepa na Canter kuchukua mpunga, nami nikaomba lifti nikanunue mchele. Kwa hiyo ninachokisema sasa sikusimuliwa, nilikiona.

Milepa anakaa Mboje, Msukuma, mfugaji, mtani wetu, rafiki wa marehemu tangu enzi za utingo. Evaristi alimweleza shida yake. Mboje alicheka mpaka akakaa chini.

"Ninyi Wafipa mnasemwa mnasafiri kwa ungo," alisema. "Kwani ungo wenu hauna rivasi?"

"Mboje, mimi napoteza kazi."

Hapo mtani akaacha kucheka. Akafikiri. Akasema trela na mkokoteni wa ng'ombe ni ndugu: mbele kuna kinachovuta, nyuma kuna kinachofuata, katikati kuna mti unaoviunganisha. Akawafunga ng'ombe wake wawili, Kapteni na Shaba, akampa Evaristi fimbo, akamwambia awarudishe nyuma mpaka mkokoteni uingie katikati ya kihenge na banda la mbuzi.

Ninyi wa vijijini mnajua tayari kilichotokea. Ng'ombe wa jembe harudi nyuma. Kapteni alimtazama Evaristi kama karani anavyomtazama mtu aliyekuja saa ya chakula. Shaba alilala. Evaristi akabembeleza, akasukuma pembe, akaita majina yao kwa heshima, mwishowe akawapa shikamoo. Hawakuitikia.

"Basi," Mboje akasema, "wewe uwe ng'ombe."

Akawafungua ng'ombe. Evaristi akaingiza shingo kwenye nira upande wa Kapteni, Mboje upande wa Shaba, na watu wazima wawili, mmoja akiwa na leseni halali ya Jamhuri mfukoni, wakaanza kuusukuma mkokoteni kinyumenyume katika shamba lililokwisha kuvunwa. Evaristi alitaka mkokoteni uende kushoto, akavutia mabega kushoto. Mkokoteni ukaenda kulia ukapanda kichuguu. Wakauvuta, wakaanza upya. Kichuguu tena. Wanawake waliokuwa wanatoka mtoni wakatua ndoo zao. Mimi nilikaa juu ya gunia la mpunga nikiona aibu kwa niaba ya ukoo wote.

Kisha Evaristi akasimama katikati ya shamba, nira shingoni. Akasogeza mabega kulia kidogo, taratibu, akatazama nyuma. Mkia wa mkokoteni ukaenda kushoto. Akasogeza kushoto. Mkia ukaenda kulia.

"Kumbe!" akasema. Akanigeukia, nira na mkokoteni pamoja naye. "Bertilla! Kumbe mimi nilikuwa naushauri mkia! Mkia haushauriwi! Ni kichwa kinachotakiwa kwenda kinyume!"

Mpaka jua linashuka alikuwa ameuingiza mkokoteni katikati ya kihenge na banda la mbuzi, mara nyingi kiasi kwamba mbuzi waliacha kushangaa. Mboje aliomba mapumziko akanyimwa. Tulirudi mjini na mpunga, na dereva ambaye shingo yake haikugeuka upande wowote. Wifi yangu alimkanda kwa maji ya moto wiki nzima bila kuambiwa kwa nini. Alipoambiwa, alimkanda kwa nguvu zaidi.

Mtihani wa tatu ulikuwa tarehe 22 Mei 2013. Evaristi alipanda kwenye trela, akaweka gia ya kurudi nyuma, na kabla ya kugusa usukani akaanza kuchezesha mabega: kulia, kushoto, kulia kidogo. Usukani ukafuata mabega. Trela likaanza kuingia katikati ya mapipa. Afande akasogea dirishani.

"Dereva, unacheza muziki?"

"Hapana, afande."

"Mabega hayo ni ya nini?"

"Mimi ndiye ng'ombe, afande. Naomba usinisemeshe, nitapoteza mkia."

Trela liliingia lote, pipa likabaki pipa. Afande alimwambia alitoe aliingize tena, kwa sababu wenzake walikuwa ndani na hawakuona. Akaliingiza tena. Mara ya tatu aliliingiza kwa furaha yake tu, bila kuambiwa.

Leseni ilipotoka na herufi E juu yake, alimpelekea Mzee Azizi. Mzee akaigeuza juani, mbele na nyuma, kisha akanyoosha kidole kwenye geti. "Liingize." Evaristi akaliingiza trela lile yadini kwa kurudi nyuma, kupitia geti la mbele, bila kugusa nguzo. Wiki iliyofuata Mzee Azizi alimwita fundi akaziba geti la nyuma kwa tofali. Mpaka leo sehemu ile ya ukuta ina rangi tofauti.

Miaka kumi aliendesha trela lile, Mbeya, Tunduma, Mpanda na kwingineko. Akaongeza mafunzo ya kubeba mizigo ya hatari. Akaongeza daraja C la magari ya abiria, ingawa hakuwahi kuendesha basi hata siku moja. Alisema alilitaka kwa sababu mahindi hayasemi asante. Mwishowe leseni yake ilikuwa na herufi nyingi kuliko vyeti vyangu vya ualimu, naye hakuacha kunikumbusha.

Lakini mtu aliyechelewa kujifunza jambo hulipenda kupita kiasi. Kaka yangu sasa aliingia kila mahali kwa nyuma. "Ingia kwa nyuma, utoke kwa mbele," alisema, kwa mtu yeyote, hata asiye na gari. Toroli la samadi aliliingiza zizini kwa nyuma. Siku alipokwenda Namanyere kumwona mkwe wake, aliingia uani kwa kurudi nyuma, taratibu, na Mzee Isdori, ambaye wakati huo alikuwa anatembea kwa kushika ukuta, alitoka nje akaitoa baiskeli kwanza, kisha ndipo akamkaribisha.

Mtoto wake wa kwanza, Victoria, alimfundisha mwenyewe. Alimpeleka Milepa, akamvisha nira ile ile, upande wa Kapteni. Mama yake alilalamika kwamba huyo ni binti wa watu na ataolewa. Marehemu alijibu, "Aolewe akiwa anajua kutoka." Victoria akapata daraja D, akaendesha pikapu ya Mzee Azizi kwa miaka inayotakiwa, na mwezi Juni mwaka jana akafanya mtihani wa daraja E akafaulu mara ya kwanza. Baba yake aliisimulia habari hiyo kwa furaha kubwa na wivu kidogo.

Wakati huo marehemu hakuwa tena barabarani. Kisukari alikuwa nacho tangu mwaka 2019, na mwezi Machi 2023 alipata kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto. Mzee Azizi alileta dereva kutoka Tunduma, kama alivyosema zamani. Victoria alipokwenda kuomba trela la baba yake, Mzee alimwambia, "Pikapu, sawa. Trela, mwanangu, nitaona." Marehemu alipopewa jibu hilo hakumsema vibaya tajiri wake. Alisema tu, "Hajaona bado." Lakini lilimuuma. Hakutaka kitu kingine katika miaka miwili ile ya kitandani isipokuwa kumsikia mtoto wake akipita na trela lile.

Hospitali alitibiwa vizuri, na tunawashukuru. Wauguzi walimpenda na walimchoka. Kila walipomsukuma kwenye kiti cha magurudumu kuingia wodini aliwasimamisha mlangoni. "Mnaniingiza kwa mbele, mtanitoaje?" Ilibidi wamgeuze. Nyumbani alitaka kitanda kielekee mlangoni.

Mwezi uliopita alituita mimi na Victoria. Kauli yake ilikuwa imeanza kuwa nzito, ila hii ilitoka vizuri. "Siku yangu, mniweke kwenye trela. Njia ya kwenda makaburini kwetu ni nyembamba, haina pa kugeuzia. Msiingie kwa mbele, mtahangaika kutoka na watu watachelewa kula. Ingieni kwa nyuma."

"Nani ataliingiza?" nikauliza.

Akamtazama Victoria. Victoria akatazama sakafu.

Alifariki dunia nyumbani kwake asubuhi ya Jumanne tarehe 17 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Kristiana alikuwa anamnywesha uji. Alimuuliza mkewe, "Kitanda kimeelekea wapi?" Akaambiwa, mlangoni. Akasema, "Vizuri." Hakusema lingine. Nimemlilia kaka yangu siku hizi zote na nitaendelea kumlilia, msinibembeleze.

Kinachofuata hakimo kwenye karatasi mlizogawiwa. Nimekiandika sasa hivi kwa kalamu, kwa ajili ya ninyi mlioko nyuma kule kwenye mahindi ambao mliona vumbi tu.

Tumefika pale barabarani, jeneza juu ya trela kubwa lile, dogo kama kiberiti juu ya meza. Dereva wa Tunduma ameshuka, ameitazama njia, mfereji upande huu, shamba la majirani upande ule. Akasema, "Hapa kwa nyuma mimi siingii. Nitaingia kwa mbele." Tukamuuliza atatokaje. Akasema Mungu anajua.

Ndipo Mboje akasimama katikati ya njia, na nira aliyotoka nayo Milepa akiwa ameivaa mabegani. "Maiti haipiti!" akapaza sauti. "Huyu Mfipa alikuwa ng'ombe wangu! Nimeachwa na nira ya upande mmoja! Nipeni ng'ombe wangu, au nipeni ndama wake!" Kamati ilimpa kuku, kama desturi ya utani inavyotaka. Alimkataa. Walimwongezea wa pili, akamkataa pia.

Victoria alikuwa amekaa na mama yake. Akanyanyuka, akakaza kanga kiunoni, akaenda akaingiza shingo kwenye nira upande uliokuwa wazi. Akasimama hapo na Mboje, bega kwa bega. Nami nimemwona Mboje akilia, jambo ambalo mtani haruhusiwi, na kwa hiyo nadhani sasa sisi ndio tunaomdai. Alitoka njiani bila kuku hata mmoja.

Victoria akaivua nira, akamwendea Mzee Azizi. "Shikamoo, mzee. Naomba funguo."

"Marahaba," Mzee akasema. Akakuna ndevu. "Nitaona." Akampa.

Jirani yetu mmoja, afande wa trafiki, aliyekuja kuzika kama sisi wengine, aliomba leseni kwa mazoea. Akaisoma, akaiona E, akairudisha kwa mikono miwili.

Mliokuwa karibu mmeona. Kabla ya usukani yalianza mabega, kulia, kushoto, kulia kidogo. Wifi yangu alinishika mkono akasema, "Bertilla, ni yeye yule." Trela likarudi nyuma kati ya mfereji na mahindi, taratibu, mpaka hapa lilipo. Sisi waombolezaji tulifuata jeneza huku taa za mbele za gari zikitutazama, sijui kama kuna msiba mwingine uliowahi kwenda hivyo. Bua moja tu la mahindi liliguswa, na mwenye shamba amesamehe. Jeneza halikusogea.

Victoria aliposhuka, Mzee Azizi alinyoosha mkono apokee funguo. Kisha akaurudisha mkono ule mfukoni.

"Nimeona," akasema.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Kristiana Isdori Katepa, watoto watatu, Victoria, Yusto na Maximilian, wajukuu wanne, mimi mdogo wake, mkwe wake Mzee Isdori, ambaye umri haukumruhusu kusafiri lakini ametuma salamu na kuuliza kama kuna mtu ameiona pampu ya baiskeli yake, na mtani wetu Mboje, ambaye hatumwondoi hata tukitaka. Kwenye karatasi zenu, mbele ya jina la Victoria, imeandikwa "dereva wa pikapu". Wenye kalamu, zitoeni mrekebishe. Nitasubiri.

Evaristi, tumekuleta kwa nyuma kama ulivyotaka, na gari limeelekea barabarani. Tukimaliza hapa, sisi tuliobaki tutatoka bila shida. Lala sasa, kaka. Mwanao amevuta breki ya mkono.